Vitabu Vinne, Bahari Moja

Nakala yake ya Island of the Blue Dolphins haina tena jalada la nyuma. Pembeni mwa kurasa kuna alama za penseli za aina tatu: mstari pale watoto watakapocheka, duara pale watakapouliza, na msalaba mdogo pale ambapo yeye mwenyewe, aliyekisoma kitabu hicho tangu utotoni, bado hajaelewa. Misalaba ni michache. Ndiyo anayoitafuta kila anapoandaa kikao, maana kikao kizima kitasimama juu ya mmojawapo.

Mwenye nakala hiyo ni mama wa makamo anayeongoza klabu ya vitabu ya watoto wanaosomeshwa nyumbani mjini Erie, jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwenye ufuko wa ziwa lenye jina hilohilo. Watoto ni kumi na wawili, wa miaka tisa hadi kumi na tatu. Hukutana kila baada ya wiki mbili, saa nne asubuhi, wakati wenzao wa shule wako madarasani, katika chumba ambacho maktaba ya umma huwapa bure. Nitamwita Mwalimu, ingawa mwenyewe hulikataa jina hilo. Walimu, anasema, ni wazazi. Kazi yake yeye ni kupanga viti. Usimsadiki. Wapanga viti nawajua. Huyu ni fundi, na ufundi wake ukifanyika vizuri hauonekani, ndiyo maana nataka kuueleza polepole.

Kwanza hao watoto. Msomaji wa Tanga au Kisumu akisikia mtoto hapelekwi shule, atafikiria ada, au mimba, au ng'ombe wa kuchunga. Kwa familia hizi ni uamuzi. Wapo walioongozwa na dini, wapo waliochoshwa na uonevu wa shuleni, wapo wenye mtoto mgonjwa au mtoto anayekimbia mbele ya darasa hadi akachukia darasa lenyewe. Kusomesha nyumbani ni halali katika majimbo yote 50. Mwaka 1999 serikali kuu ilikadiria watoto wa namna hii kuwa 850,000. Mwaka 2012 walikuwa karibu milioni 1.8. Kisha ikaja korona. Majira ya kuchipua ya 2020, Ofisi ya Sensa ilipouliza, asilimia 5.4 ya kaya zenye watoto wa umri wa shule zilisema zinasomesha nyumbani. Vuli ya mwaka huohuo zilikuwa asilimia 11.1. Kwa kaya za Wamarekani weusi kiwango kilitoka asilimia 3.3 hadi 16.1. Wengi walirudi shule baadaye. Wengine walionja, wakabaki.

Kila jimbo lina sheria yake, na ya Pennsylvania, iliyopitishwa mwaka 1988, ni miongoni mwa kali. Mzazi hutakiwa kutunza daftari linaloandikwa kadiri masomo yanavyokwenda, likitaja kwa majina vitabu vilivyotumika. Mwisho wa mwaka mtathmini mwenye sifa hupitia jalada la kazi na kuzungumza na mtoto. Kwa hiyo orodha ya vitabu, ambayo kwingine ni mapambo, hapa ni wajibu wa kisheria.

Lakini orodha huweza kujaa na mtoto asisome kwa maana. Anayesomea nyumbani ana mama, labda baba, labda kaka na dada, na wote hao amekwisha kuzijua hoja zao. Anajua mama atasema nini kabla mama hajafungua kinywa. Anachokosa ni mtu wa rika lake aliyesoma ukurasa uleule usiku uleule akauelewa kinyume. Hapo ndipo klabu inapokuwa na kazi.

Sasa mada. Hapa ndipo klabu nyingi zinapoharibikia. Wazo lenyewe ni jepesi: chagua jambo moja, tafuta vitabu vinavyolihusu, watoto wasome. Basi mtu huchagua wanyama, akakusanya kila kitabu chenye mbwa kwenye jalada, akaoka biskuti za umbo la mfupa. Au huchagua bahari, na meza ikajaa jeli ya buluu yenye samaki wa sukari ndani. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo. Watoto hushiba sana. Vitabu vyenyewe, hata hivyo, havisemezani: kila kimoja huja, hupigiwa makofi, huondoka, na kinachofuata hakijui kama palikuwa na aliyetangulia.

Mwalimu huanza kuandaa mada mwezi Mei kwa ajili ya Septemba. Mwaka wa bahari alibeba nyumbani vitabu karibu ishirini, akavisoma vyote, akabaki na vinne. Treasure Island ya Stevenson, ambayo mtu yeyote angeitanguliza, aliiacha: watoto wamekwisha kuona maharamia wa kutosha kwenye televisheni na wangekuja na majibu yaliyopikwa kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Aliacha pia kitabu kizuri mno kuhusu nyangumi, kwa sababu hakikuwa na mtu ndani yake aliyelazimika kuamua jambo. Hicho ndicho kipimo chake. Lazima pawe na mtu, na mtu huyo awe katika njia panda ambayo mtoto wa miaka kumi anaweza kuibishania bila kuhitaji kuelezwa kwanza na mkubwa.

Vinne vilivyobaki ni hivi. Call It Courage cha Armstrong Sperry, cha mwaka 1940, kuhusu Mafatu, mtoto wa chifu katika visiwa vya Pasifiki anayeiogopa bahari kwa sababu ilimuulia mama. Kisha Island of the Blue Dolphins cha Scott O'Dell, cha 1960, kuhusu Karana, msichana aliyebaki peke yake kisiwani kwa miaka. Kisha Carry On, Mr. Bowditch cha Jean Lee Latham, cha 1955, kuhusu kijana wa Salem, Massachusetts, aliyekuja kuwafundisha mabaharia hesabu. Mwisho Heart of a Samurai cha Margi Preus, cha 2010, kuhusu Manjiro, mvuvi mdogo wa Kijapani aliyepotea baharini akaishia Marekani. Vitatu vya kwanza vilishinda medali ya Newbery, tuzo kongwe ya vitabu vya watoto nchini humo, na cha nne kilipata heshima ya washindi wa pili. Mwalimu hakuvichagua kwa tuzo. Asema tuzo husaidia tu kwa kuwa maktaba hununua nakala nyingi.

Tazama mpangilio. Hofu, upweke, hesabu, kurudi nyumbani. Hofu inatangulia kwa kuwa kila mtoto anayo, na kitabu chenyewe ni chembamba, kwa hiyo hata mvivu wa kusoma hufika mwisho na kujiona amefika. Upweke unafuata watoto wakiwa wamekwisha kuzoeana, maana si jambo la kuwazungumzisha wageni. Kitabu kinene na kigumu kimewekwa Novemba na Desemba, theluji ya ziwani inapoanza kufunga barabara za Erie na hakuna mchezo wa nje wa kushindana nacho. Mvulana anayerudi kwao yuko mwisho, kwa sababu swali lake, kama mtu anaweza kurudi alikotoka akiwa yuleyule, halina maana mpaka msomaji awe amesafiri kidogo.

Haya yote Mwalimu hawaambii watoto. Hakuna bango ukutani lenye maneno "Hofu" na "Upweke". Siku ya kwanza aliwaambia tu kwamba mwaka huu watasoma kuhusu bahari, akawagawia nakala.

Na kugawa nakala nako ni kazi ya kichwa. Watoto kumi na wawili wanahitaji nakala kumi na mbili, kwa sababu katika klabu yake hakuna kupokezana: anayesubiri zamu ya kusoma huja bila kusoma. Maktaba ya mji huwa na mbili au tatu za kitabu cha namna hiyo. Zilizobaki huombwa kwa utaratibu wa maktaba kuazimana, zikaja kutoka wilaya nyingine ndani ya mifuko ya turubai, kila moja na tarehe yake ya kurudi. Mwalimu ana daftari la tarehe hizo tu. Huagiza wiki sita kabla, na humjua mkutubi wa zamu kama wewe unavyomjua muuza samaki wako. Mtu akitaka kujua kama klabu itadumu, asiangalie mada. Aangalie daftari hilo.

Nieleze kikao kimoja kwa karibu, cha pili kuhusu Karana.

Viti vimewekwa katika duara, lakini hakuna kiti kilicho mbele. Mwalimu amekaa kati ya wasichana wawili, chini kidogo, kwenye kigoda cha watoto. Kitabu kiko mapajani. Dakika za mwanzo si zake. Mdogo kuliko wote, mvulana wa miaka tisa, anasimulia sura zilizosomwa, kutoka kichwani, bila kuangalia. Akiruka kitu, wenzake wanangoja amalize ndipo waongeze. Utaratibu huu ameuchukua kwa Charlotte Mason, mwalimu wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1923, aliyefundisha huko Ambleside kwamba mtoto asome mara moja tu kisha asimulie kwa maneno yake; nadhani leo akina mama wa Marekani wanaosomesha nyumbani wanamtaja kuliko Waingereza wenyewe. Faida yake hapa ni ya kiutendaji. Baada ya dakika nane kila mtu chumbani anakumbuka kilichotokea, na aliyejifanya amesoma amekwisha kunyamaza.

Kilichotokea ni hiki. Meli ilikuja kuwachukua watu wa kisiwa. Karana akiwa ndani akagundua mdogo wake, Ramo, ameachwa ufukweni. Akajitosa, akaogelea kumrudia. Muda si mrefu mbwa mwitu wa kisiwani wakamuua Ramo. Karana akaapa kuwamaliza. Akatengeneza upinde na mkuki, ingawa kwa mila za watu wake mwanamke haruhusiwi kutengeneza silaha. Akaua mbwa kadhaa, akamchoma mshale kiongozi wao. Siku za mbele akamkuta amelala, amejeruhiwa, hana nguvu ya kukimbia. Akaweka mshale wa pili kwenye upinde, akauvuta. Hakuuachia. Akambeba mbwa yule hadi nyumbani.

Pembeni mwa ukurasa huo kuna msalaba.

"Kwa nini hakuuachia?" Mwalimu akauliza, akanyamaza.

Sijapata kuona mtu mzima anayevumilia kimya kama yeye. Kiongozi wa kawaida akihesabu sekunde tano huanza kuuliza upya kwa maneno mengine, kisha kutoa dokezo, kisha kujibu mwenyewe. Yeye aliangalia kitabu chake kama mtu anayetafuta. Na kweli alikuwa akitafuta. Hiyo ndiyo siri ya jambo lenyewe. Kanuni hii haikubuniwa na yeye. Wakfu wa Great Books, ulioanzishwa Chicago mwaka 1947, umewafundisha viongozi wa vikundi vya kusoma kwa miongo mingi: uliza lile ambalo wewe mwenyewe una shaka nalo, na ambalo kitabu kinaweza kulijibu kwa njia zaidi ya moja. Kuikariri kanuni ni rahisi. Ugumu uko kwenye kuitii, kwa sababu shaka haiigizwi mbele ya watoto. Wana pua kali kuliko ya mbwa wa Karana kwa mtu mzima anayeuliza akiwa na jibu mfukoni.

Aliyevunja kimya ni yule ambaye kila klabu inaye: mvulana wa miaka kumi na mbili, hodari, aliyesoma kila kitu, anayejibu kabla swali halijatua. "Alikuwa mpweke," akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga kesi.

"Onyesha ukurasa," akasema Mwalimu.

Hii ndiyo sheria pekee ya klabu. Anayedai aonyeshe ukurasa. Mvulana akafungua, akatafuta, akarudi nyuma kurasa mbili, akaenda mbele tatu. Wakati yeye akitafuta, wengine wakapata nafasi ya kupumua. Msichana mmoja akasema kumuua aliye chali si kisasi, akaonyesha mahali ambapo Karana anatazama kifua cha mbwa kikipanda na kushuka. Mwingine akasema amekwisha kuua mbwa wengine na Ramo hakurudi. Mvulana hodari akanyanyua kichwa akakiri kwamba upweke haupati kwenye ukurasa huo. Kwenye ukurasa huo Karana mwenyewe hasemi sababu. Akatulia. Kwa mtoto wa namna ile, kutulia kwa dakika mbili huku akifikiri ni mavuno ya muhula.

Watu husifu kiongozi anayemfanya mtoto mkimya aseme. Mimi naona kazi kubwa zaidi ni kumfanya msemaji anyamaze bila kumuumiza. Ukimkata kauli mbele ya wenzake umempoteza. Ukimwacha umewapoteza kumi na moja. Mwalimu humpa kazi. Humfanya mtafuta kurasa wa kikundi kizima, na kwa kuwa kazi inahitaji umahiri, mtoto huiona ni heshima. Wala si hila, maana kweli ni heshima.

Mwisho wa saa hakutoa jibu. Baba mmoja aliyekuja kumchukua binti yake aliuliza mlangoni, "Sasa jibu ni lipi?" Mwalimu akamuuliza kama naye amekisoma. Wiki iliyofuata baba yule alikuwa amekisoma, na ana jibu lake, ambalo ni baya.

Kuna jambo jingine kuhusu kitabu hicho ambalo kiongozi mvivu angelipita. Kisa kina mzizi wa kweli. Mwaka 1835 watu wa kisiwa cha San Nicolas, mbali na pwani ya California, walihamishiwa bara, na mwanamke mmoja akabaki. Aliishi peke yake miaka 18. Alipopatikana mwaka 1853 akapelekwa Santa Barbara, hakupatikana mtu wa kuzungumza naye sawasawa kwa lugha yake, na baada ya wiki saba hivi akafa. Juana Maria ni jina la ubatizo alilopewa huko. La kwake halikuandikwa popote. Karana ni jina alilobuni O'Dell, Mmarekani mweupe aliyeandika zaidi ya miaka mia moja baadaye, na wenyeji wa asili wa Marekani wamemkosoa kwa mengi aliyoyajaza kwa kukisia. Mwalimu hakitupi kitabu wala hafichi ukosoaji. Katika kikao cha tatu aliweka mezani habari za mwanamke wa kweli na kuuliza: kati ya yale tunayoyajua kumhusu Karana, yapi yametoka kwa huyu? Watoto wakapiga mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja ulijaa. Mwingine ulikuwa na mistari mitano, wa mwisho ukiwa vazi lake la manyoya ya mnandi.

Kwenye kitabu cha Bowditch ndipo nilipoingia mimi, kwa bahati ya kuzaliwa Pangani.

Nathaniel Bowditch alizaliwa Salem mwaka 1773. Aliacha shule akiwa na miaka kumi kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kitu, na akiwa na miaka kumi na miwili akafungwa kwa mkataba wa miaka tisa dukani kwa wauza vifaa vya meli. Kilatini alijifundisha mwenyewe ili amsome Newton. Baadaye, baharini, akagundua kwamba majedwali ambayo mabaharia walikabidhi maisha yao yalikuwa yamejaa makosa, na mwaka 1802 akatoa kitabu chake, The American Practical Navigator. Katika meli zake alimfundisha kupiga hesabu za mwezi na nyota kila aliyetaka, hadi mpishi. Ndiyo maana familia zinazosomesha nyumbani humpenda. Kwao ni kama ndugu. Mwalimu huliona hilo kuwa hatari. Kitabu ambacho kila mzazi chumbani anakipenda ni kitabu ambacho watoto watasema kinachotarajiwa. Kwa hiyo hakuwauliza kitu kuhusu kusoma kwa juhudi. Aliwapa nyuzi, vipimapembe, mirija ya kunywea soda na vijiwe, wakatengeneza kifaa cha kupimia urefu wa nyota kutoka upeo wa macho, akawatuma nyumbani.

Nyota ya Kaskazini husimama juu ya upeo kwa nyuzi zilezile za latitudo ya mtazamaji. Erie iko nyuzi 42 na kidogo. Salem ya Bowditch iko karibu mstari huohuo. Majibu ya watoto yalitoka 37 hadi 46. Wakacheka. Kisha Mwalimu akawaonyesha kwenye ramani kwamba nyuzi moja ni maili sitini za baharini, wakahesabu ni wapi ambapo meli zao zingefika. Mmoja angepanda milima ya Virginia. Baada ya hapo hakuna aliyelalamika kwamba sura za hesabu kitabuni zinachosha.

Siku hiyo nilikuwa mgeni. Salem ilifanya biashara na Unguja tangu miaka ya 1820. Mkataba kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na konseli wa kwanza wa Marekani, mtu wa Salem, alifika Unguja mwaka 1837. Meli zilileta merikani na kuondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Nilikuwa na kipande cha sandarusi cha babu yangu, na nilikuwa na hotuba. Mwalimu alinipigia simu usiku wa kuamkia siku hiyo: nina dakika kumi, nilete kipande, na nisieleze ni nini. Niwaulize wao. Kumwambia Mpwani asieleze kitu anachokijua ni kumfunga kamba. Nilijitahidi. Kipande kikapita mkono kwa mkono, kikanuswa, kikaumwa, kikasuguliwa kwenye sweta. Wakadhani ni kaharabu, ni sabuni, ni pipi. Walipofika kwenye utomvu wa mti uliozikwa ardhini, walikuwa wamekwisha kuuliza nani aliuchimba, alilipwa kiasi gani, na kwa nini mtu wa Massachusetts aliuhitaji. Nilipowajibu kwamba ni kwa ajili ya vanishi ya samani, msichana mmoja akageuza kiti chake kukikagua miguu.

Kisha ndugu wawili katika klabu, watoto wa familia iliyotoka Uvira na inayozungumza Kiswahili nyumbani kama mimi, wakauliza lile ambalo sikuwa nimeliandaa. Pangani ni nyuzi tano kusini mwa ikweta, kwa hiyo Nyota ya Kaskazini haionekani kabisa. Nahodha wa jahazi alijuaje aliko? Tukazungumza juu ya kaskazi na kusi, alama za nchi kavu, rangi ya maji, nyota nyingine. Mdogo wao akasema babu yao, aliyekuwa akivua ndagala usiku kwa taa kwenye Ziwa Tanganyika, alijua njia ya kurudi kwa harufu ya moshi wa kijiji. Mwalimu alinitazama, nikaelewa kwamba dakika zangu kumi zimekwisha.

Na sasa Manjiro. Alizaliwa mwaka 1827, akapotea baharini na wavuvi wenzake wanne mwaka 1841, wakaishi kwenye kisiwa kitupu hadi meli ya kuvua nyangumi ya Marekani ilipowaokoa. Nahodha William Whitfield akampeleka kwake Fairhaven, Massachusetts. Mwaka 1851 akarudi Japani, nchi iliyokuwa na sheria ya kumuua aliyetoka akarudi. Kwa kitabu hiki kila mtoto alipewa kazi ya kuleta jambo moja la kweli ambalo halimo katika riwaya, kutoka kwenye rafu za maktaba. Wengi walileta mambo ya nyangumi. Msichana aliyekagua kiti, asiye na kawaida ya kusema sana, aliinuka na karatasi akasoma kwamba Manjiro, baada ya kurudi kwao, alitafsiri kwa Kijapani kitabu cha urambazaji cha Bowditch.

Kwa nukta moja hakuna aliyeelewa. Kisha yule mvulana hodari akapiga meza: "Bowditch wetu?"

Mwalimu alilijua hilo tangu Mei. Ndilo lililofanya vitabu hivyo viwili vikae kimoja nyuma ya kingine. Angeweza kulisema Septemba na kusifiwa kwa uchaguzi wake. Angeweza kuliandika kwenye barua ya wazazi. Alilifukia, akawapa watoto jembe, akangoja miezi mitano, akijua wazi kwamba huenda asiwepo wa kulichimbua. Nilimuuliza baadaye angefanya nini kama hakuna ambaye angelipata. "Lingebaki humo," akasema, na kuendelea kukusanya vikombe.

Kazi hii hailipwi. Hakuna cheti chake, hakuna mtihani wa mwisho, na jina la Mwalimu halimo katika jalada lolote linalokaguliwa na jimbo. Yaliyomo ni majina ya vitabu vinne na tarehe. Mtathmini akimuuliza mtoto amejifunza nini, mtoto atasema bahari. Kwa maoni yangu klabu hii ina kasoro moja tu, kwamba ina nafasi kumi na mbili, na sioni namna ya kuiondoa, maana watoto ishirini hawawezi kukaa kimya pamoja kwa dakika nzima.

Ombi moja kwa wazazi, lake na langu, popote penye klabu ya namna hii: kikao kikiisha, rudisheni nakala siku ileile. Ile iliyosahauliwa chini ya kiti cha gari imeazimwa kutoka maktaba ya wilaya nyingine, na huko kuna mtoto mwingine aliyekwisha kuwekewa jina.